Bandari Nitakayoachwa

Mwezi uliopita nilikuwa katika duka la viungo hapa Houston, natafuta iliki, nikapita karibu na gunia la nazi kavu, zile zilizopasuliwa na kukaushwa mpaka nyama yake ikakunjamana. Kwetu Tanga tunaziita mbata. Harufu yake ni tamu na nzito, na ndani yake kuna kitu kama mafuta yaliyoanza kuchacha. Nikasimama pale na kikapu mkononi, mtu mzima mwenye watoto wake, nikajikuta nageuka huku na huku kumtafuta mama yangu.

Mama hakuwa dukani. Mama anaishi DeSoto, karibu na Dallas, amestaafu, anahangaika na maua yake. Lakini kwa muda ule nilikuwa na miaka minane, niko juu ya meli ya mizigo katikati ya Pasifiki, na nina hakika kabisa kwamba katika mojawapo ya bandari tulizokuwa tukiziendea, mama huyo huyo angeniacha.

Mliokua enzi za kadi za simu, zile za kukwaruza namba kwa ukucha, mtaelewa maisha yetu yalivyokuwa. Tuliishi Sharpstown, mtaa wa hapa Houston, ghorofa ya juu, mimi na mama. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba alikuwa injinia wa meli. Tulihamia Houston pamoja, watu watatu, na mwanzoni alikuwa akitengeneza mitambo ya meli hapa hapa bandarini. Kisha akapata mkataba kwenye meli moja ndogo iliyozunguka visiwa vya mbali vya Pasifiki, ikipeleka mchele, unga, saruji na mafuta ya taa, na kurudi na mbata. Alisema ni mkataba wa muda. Ukaongezwa, ukaongezwa tena, na mimi nikazoea kuwa na baba ambaye ni sauti.

Sauti yenyewe ilikuwa kubwa. Kelele za injini zilikuwa zimemharibia masikio, kwa hiyo alipopata bandari yenye simu alipiga akazungumza kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama alishika simu mbali na sikio, na mimi nilisikia kila kitu kutoka jikoni. Baba alinisimulia maji meupe kiasi kwamba unaiona nanga ikiwa imelala chini kwenye mchanga. Alinisimulia watoto wanaoogelea kama bata. "Siku moja nitakuleta, Binti, uje ujionee." Mimi nilivichora visiwa hivyo kichwani, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa Houston, nikavitia mabembea na duka la aiskrimu.

Jumamosi moja mama alikuwa akipiga pasi sare zake za kazi, simu ameibana kati ya bega na shavu. Alikuwa akizungumza na Mama Mdogo, mdogo wake aliyeishi Vickery Meadow kule Dallas. Mimi nilikuwa chini ya meza ya pasi na penseli zangu za rangi, na nadhani alisahau kwamba nipo.

"Nimechoka, mdogo wangu," alisema. "Tiketi nimeshabuku. Shule zikifungwa tunaondoka kwenda melini." Akasikiliza kidogo. "Hapana, sitamwambia sasa hivi. Nikimwambia mapema ataanza kulia na kunibembeleza, nami moyo wangu unaujua. Nitamwacha huko huko." Pasi ikapumua mvuke. "Atazoea. Watu wanazoea."

Lugha yetu haisemi kama huyo anayeachwa ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Nitamwacha ni nitamwacha tu. Na nyumbani kwetu tulikuwa wawili, na mmoja wetu ndiye aliyejulikana kwa kulia na kubembeleza.

Sikuuliza. Watu wazima hushangaa kwa nini mtoto hakuuliza, lakini mimi nakumbuka vizuri sababu yangu. Niliona kwamba nikiuliza atanijibu, na akishanijibu jambo litakuwa limekwisha kuamuliwa. Nikanyamaza, nikaanza kutazama. Na ukishaanza kutazama unaona ushahidi kila mahali. Mama alinifumua nywele zangu ndefu akazikata fupi kabisa, akasema kwenye meli hakuna wa kunisuka. Nikajua anamrahisishia kazi huyo atakayenilea. Alipopanga sanduku, nguo zangu zilikuwa nyingi kuliko zake. Aliniruhusu niwaage watoto wa jirani mmoja mmoja. Nikaanza kutandika kitanda bila kuambiwa. Nikaanza kumjibu kwa Kiswahili, mimi niliyekuwa nikijibu kila kitu kwa Kiingereza.

"Umepatwa na nini wewe?" aliniuliza siku moja, akinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

"Sijapatwa na kitu, mama," nilisema. "Nakupenda tu." Akaingia bafuni na kufungua bomba. Hata hilo niliona ni ushahidi.

Tukapanda ndege hadi Honolulu, kisha nyingine, ile inayotua kisiwa hadi kisiwa kama basi, mpaka Majuro katika Visiwa vya Marshall, ambako baba alikuwa akitusubiri nje ya uzio. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, na ndevu zake zilikuwa na mvi. Alininyanyua akanizungusha. Mama alimpa mkono, kama mtu anavyompa mkono bosi wake.

Kampuni yao iliwaruhusu maofisa kuchukua familia safari moja. Meli ilipakwa rangi nyeupe, lakini kutu ilikuwa imetiririka chini ya kila tundu kama machozi ya wanja. Juu ya sitaha abiria wa visiwani walilala kwenye mikeka, pamoja na kuku, mapipa na baiskeli. Sisi tulipewa chumba chenye vitanda viwili vya juu na chini. Nililala na mama. Kila nilipopanda kitandani nilifunga pindo la khanga yake kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Unafanya nini?" aliniuliza.

"Nisije nikaanguka meli ikiyumba."

Ilikuwa ikiyumba kweli. Tulitapika wote wawili, tukiwa tumeshikilia ndoo moja, na hizo ndizo saa ambazo sikuwa na hofu, kwa sababu baharini hakuna mahali pa kumwacha mtu.

Hofu ilianza ardhi ilipoonekana. Bandari ya kwanza ilijitokeza asubuhi, mstari wa kijani uliokuwa chini sana hata nikadhani ni kitu kinachoelea. Baba alitoka chini na mafuta mikononi, uso umemchangamka. "Jitayarisheni," alisema. Mama akavaa gauni lake la maua na viatu vyenye kisigino. Tukateremshwa kwenye boti.

Palikuwa na gati la zege lililopasuka, ghala la mabati, na duka ambalo mwenyewe alikuwa amekwenda kuvua. Mbwa alilala juu ya mizani ya kupimia mbata, akafungua jicho moja, akalifunga. Jua lilitupiga kutoka juu na kutoka chini, kwenye mchanga. Harufu ya mbata ilikuwa kila mahali, hata kwenye mate.

"Hapa ndipo?" mama aliuliza.

"Nini?" baba alisema, akitega sikio.

"Nauliza, hapa ndipo?"

"Ndipo."

"Ulisema kuna soko."

"Soko lipo siku meli inapokuja."

"Meli si imekuja?"

Baba akacheka peke yake. Mama alivua viatu, akavishika mkononi, akasimama pekupeku kwenye kivuli cha ghala hadi tuliporudishwa melini. Mimi nilikuwa nimetafuta mabembea kwa macho, nikavunjika moyo. Kisha nikapata wazo lililonituliza: mahali pabaya hivi hawezi kuniacha. Tangu siku ile nikawa naomba kila bandari iwe mbaya.

Ya pili ilikuwa na duka lililofunguliwa. Ndani niliona friji ya aiskrimu, ile ndefu ya kioo, nikaikimbilia. Ilikuwa imekufa siku nyingi. Ndani yake mwenye duka alipanga sabuni, nyuzi na viberiti. Mama hakutazama bidhaa. Alikuwa akiwatazama wanawake. Aliwatazama mmoja mmoja, aliyekaa mlangoni, aliyebeba mtoto, msichana aliyemsalimu baba kwa jina. Aliwatazama usoni, mikononi, hata miguuni. Niliona anachagua.

Jirani na duka palikuwa na darasa moja lililopakwa rangi ya buluu. "Watoto wa hapa wanasoma mpaka wapi?" mama alimuuliza baba kwa sauti kubwa.

"Wanamaliza msingi hapa hapa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nilikojoa kidogo kwenye nguo yangu, nikajitia majini nikiwa nimevaa ili asijue. Nilipotoka mama alinipangusa kwa khanga, akinisema kwa kulowesha nguo. Nilifurahi kusemwa. Mtu hamsemi mtoto anayemwacha, niliwaza.

Kati ya bandari na bandari watu wazima wawili walikula mezani bila kuzungumza. Au tuseme walizungumza kuhusu chumvi. Baba aliniambia mambo ya nyangumi, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, huku akimtazama mama. Mama alitazama dirisha la duara, ambalo muda huu lilikuwa na mbingu na muda ule lilikuwa na maji.

Kisha tukafika bandari ya tatu, na ilikuwa nzuri.

Ilikuwa kama alivyosema kwenye simu. Meli ilitia nanga, nikachungulia, nikaiona nanga chini kabisa, imelala ubavu kwenye mchanga mweupe. Watoto waliruka kutoka kwenye mitumbwi na kutokea mahali pengine wakicheka. Ufukweni tuliwekewa mashada ya maua shingoni. Mama mmoja mnene, mwenye ua jekundu sikioni, alinikalisha kwenye kigoda, akanimwagia maji baridi miguuni kutoa chumvi, akanipa dafu. Alikuwa na mikono mizuri. Nyumba yake ilikuwa wazi pande zote na ilifagiliwa. Sijapata kuogopa hivyo tena maishani, hata siku ya kujifungua.

"Baki na huyu mama ucheze na watoto," mama alisema. "Mimi na baba yako tuna mazungumzo kidogo."

"Nakuja na wewe."

"Ni mazungumzo ya watu wazima. Sichelewi."

Akaniinamia akanibusu kichwani, juu ya zile nywele fupi, akaondoka na baba kuelekea ghala la mbata. Nilimhesabia kila hatua kwa moyo. Yule mama mwenye ua akazungumza nami kwa lugha yake, taratibu, kama mtu anayembembeleza paka. Binti yake, wa umri wangu, alikunjua mkeka mdogo kando ya mkeka wake mwenyewe, akaupigapiga kwa kiganja na kunitazama. Alitaka nikae. Mimi niliona kitanda changu kimeshatandikwa.

Nikakimbia. Dafu lilidondoka, kiatu kimoja kilibaki mchangani. Sikulia, kwa sababu kulia ndiko alikosema nitafanya.

Ghalani palikuwa na giza baada ya jua la nje, na joto, na ile harufu. Wanaume kadhaa walikuwa wakishona midomo ya magunia. Mama na baba walisimama mwisho kabisa, mama amenipa mgongo, baba akijifuta mikono kwa kitambaa ingawa mikono ilikuwa imekwisha kutakata.

"Mama," nilisema. "Ndiyo hapa?"

Aligeuka. "Ndiyo hapa nini? Kiatu chako kiko wapi?"

"Ndiyo hapa utakaponiacha?"

"Nani anakuacha? Nani kakwambia maneno hayo?"

"Wewe. Ulimwambia Mama Mdogo kwenye simu, ukipiga pasi. Ulisema humwambii sasa hivi, kwa sababu atalia na kukubembeleza."

"Anasema nini?" baba aliuliza. Akainama, akanigeuzia sikio lake lenye nafuu. "Sema kwa sauti, Binti, sikusikii."

Mama alinyoosha mkono kunizuia, lakini alikuwa mbali hatua moja. Nikajaza kifua hewa, nikasema kwa sauti yangu yote: "Mama alisema, nitamwacha huko huko."

Wale wanaume wakaacha kushona wakatutazama. Hawakujua neno hata moja la lugha yetu, na hata hivyo mmoja wao alivua kofia.

Baba alikiweka kile kitambaa juu ya gunia. Alikikunja kwanza. Hakunitazama mimi.

"Si yeye," alimwambia mama.

"Si yeye," mama alisema.

"Ni mimi."

"Ni wewe."

Mama akaketi juu ya magunia, akanivuta mapajani ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Nisikilize. Wewe sikuachi. Popote pale, wewe sikuachi. Umenisikia?" Akanipangusa jasho. "Siku zote hizi ulikuwa na jambo hili tumboni?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Si mimi. Ni baba tu. Akili yangu ya miaka minane ilipiga hesabu hiyo ikaridhika nayo, kwa sababu baba tayari alikuwa mtu wa mbali, na mtu wa mbali sikujua anaachwaje.

Walizungumza huku nikiwa mapajani pale, na kwa kuwa masikio ya baba hayakuruhusu siri, walizungumza kwa sauti ya watu wanaouziana ng'ombe.

"Nilidhani kuna mwanamke," mama alisema. "Nimemwona kichwani mpaka namjua anavyocheka. Nikasema naenda, nimtazame usoni, nimwachie. Nimemtafuta kila bandari."

"Hayupo."

"Najua hayupo. Angekuwepo ningejua la kusema. Kuna mbwa na ghala. Unatuacha sisi kwa ajili ya mbwa na ghala?"

Baba alikichukua tena kile kitambaa. "Huku injini ikifa wananiita mimi," alisema. "Kisiwa kizima kinasubiri mchele, nami ndiye ninayeitwa. Houston nani ananiita?"

"Mimi nilikuita," mama alisema. "Nilikuita kila ulipopiga."

Sijui kama alisikia, maana safari hii hakupaza sauti. Nadhani alisikia. Alikwenda mlangoni akasimama kwenye mwanga, mgongo kwetu, mpaka boti ilipokuja kutuchukua.

Safari ya kurudi Majuro nilikuwa mtu pekee mwenye furaha katika meli ile. Nilikula samaki, nilikimbia sitahani, nililala bila kujifunga khanga. Baba alinishusha kwenye chumba cha injini, akaniziba masikio kwa viganja vyake, na kupitia mikono yake nikasikia ile ngurumo ikiwa ndogo, kama moyo wa mnyama. Nilicheka. Yeye alikuwa akiniangalia kama mtu anayekariri kitu.

Kwenye uwanja wa ndege alinisindikiza hadi mahali walipomruhusu. "Utakuja?" nilimwuliza sikioni.

"Nitakuja."

"Lini?"

Akamtazama mama. "Mama yako atakwambia."

"Mwambie mwenyewe," mama alisema, bila ukali.

Hakusema. Tukiwa juu ya mawingu mama alinieleza kwa maneno ya kawaida kwamba yeye na baba hawataishi tena nyumba moja. Ndipo nilipoelewa ni nani tuliyemwacha kwenye uzio ule. Nililia mpaka Honolulu, na mhudumu wa ndege akaniletea soda nikaishika bila kuinywa.

Baada ya hapo hofu haikuondoka, ilibadilisha mahali tu. Simu ikilia nilikimbia, isipolia nilikaa karibu nayo. Shuleni nilimwambia mwalimu baba yangu amezama, kisha nikasema hakuzama, mama akaitwa. Baba alipiga kila alipoweza. Sasa aliuliza niliko kabla hajauliza chochote, na mama alinipa simu na kutoka nje kwenye ngazi.

Alikuja nikiwa nimekwisha kupanda darasa na nywele zimerudi za kusukwa. Hakutangulia kupiga. Nilisikia mlango, mama akafungua, na baba alikuwa amesimama pale na begi moja.

"Nimepata kazi bandarini, karakana ya pampu," alisema, na kwa mazoea yake jengo zima lilisikia. "Nimepanga chumba huko huko. Sikuja kukaa. Nimekuja kumwona mtoto, ukiniruhusu."

Mama alimtazama. Nilisimama nyuma yake nimeshika upindo wa blauzi yake, sijui kama nimwache mama nimkimbilie baba au nibaki.

"Ingia ule kwanza," mama alisema.

Alikula wali na maharage, akashukuru, akaosha sahani yake mwenyewe. Walizungumza habari za meno yangu na shule. Hawakurudiana siku ile wala baadaye, na sijawahi kumsikia mmoja akimsema mwenzake vibaya. Jioni mama aliniruhusu kumsindikiza hadi kituo cha basi barabara ya Bellaire. Nilimshika kidole, mkono wake ulikuwa bado na mafuta kwenye mikunjo. Basi lilipotokea kwenye taa nikakikaza kile kidole.

"Baba, utarudi lini?"

"Nini?"

Nikauliza tena kwa sauti, watu wote kituoni wakageuka. Alikuwa amekanyaga ngazi ya basi, dereva anamsubiri.

"Jumapili," alisema.

Jumapili alikuja.